Malipo ya Pili ya Mfanyakazi
Hotuba ya Katibu katika Mkutano wa Sikukuu ya Chama Kikuu kutimiza miaka kumi



Wasemaji walionitangulia wameeleza vizuri jinsi Chama Kikuu chetu kilivyoanza, kahawa tuliyokusanya na maghala tuliyojenga. Sitayarudia hayo. Kamati imeniagiza niseme juu ya jambo ambalo kwa kulitazama juu juu si letu, nalo ni pensheni ya watumishi wa umma, na jinsi vyama vya wafanyakazi vilivyoitetea katika nchi yetu tangu mwaka 2018.

Najua wako watakaosema moyoni, "Hayo ni mambo ya wenye mishahara. Sisi watu wa jembe yatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kuketi. Kwa sasa naomba subira yenu, maana ndani ya habari hii limo somo ambalo chama chochote chenye wanachama na daftari hakiwezi kulipuuza.

Nianze na jambo ambalo kila mmoja wetu analifahamu. Mkulima aletapo kahawa yake katika chama cha msingi hupimiwa, huandikiwa stakabadhi, na hupewa malipo ya awali. Kahawa huenda kukobolewa, kisha huuzwa. Mauzo yakishapatikana na gharama zikishatolewa, mkulima hupata malipo ya pili. Hakuna mkulima hata mmoja katika uwanja huu anayedhani kwamba malipo ya pili ni zawadi ya Katibu au sadaka ya Mwenyekiti. Ni bei ya kahawa yake mwenyewe, ila sehemu hiyo imechelewa kufika mkononi.

Pensheni ndiyo malipo ya pili ya mfanyakazi. Mtumishi wa umma katika Tanzania hukatwa asilimia 5 ya mshahara wake kila mwezi, na mwajiri wake huongeza asilimia 15. Mwenye mshahara wa shilingi 1,000,000 hukatwa shilingi 50,000, na mwajiri hutia shilingi 150,000. Fedha hizo zote hupelekwa katika Mfuko, naye huzingoja mpaka atakapostaafu, kwa hiari akiwa na miaka 55, au kwa lazima akiwa na miaka 60. Kwa hiyo mwalimu anapodai pensheni yake haombi kuhurumiwa. Anadai sehemu ya ujira wake ambayo aliambiwa angoje.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Zamani mtumishi wa Serikali hakukatwa kitu, na pensheni yake ilitoka katika Hazina. Mwaka 1999 sheria ilibadilishwa, ukaundwa Mfuko wa Pensheni kwa Watumishi wa Umma, uliojulikana kwa herufi za PSPF, na watumishi wakaanza kuchangia. Watumishi wengi wa Serikali za Mitaa walikuwa na Mfuko wao, LAPF. Wa mashirika ya umma na baadhi ya makampuni walikuwa na PPF. Palikuwako pia na GEPF. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuiunganisha mifuko hiyo minne kuwa mmoja, Mfuko wa Hifadhi ya Jamii kwa Watumishi wa Umma, yaani PSSSF, nao ulianza kazi tarehe 1 Agosti 2018. Watu wa sekta binafsi na wanaojiajiri wenyewe wakawekwa chini ya NSSF.

Kuunganisha mifuko si jambo baya. Sisi wenyewe ni vyama vya msingi vilivyoungana. Mgogoro ulitokea pale kanuni za kukokotoa mafao zilipotangazwa, na hapo ndipo neno "kikokotoo" lilipotoka katika ofisi za wahasibu likawa neno la sokoni.

Sasa nawaomba tukikokotoe pamoja, kwa kuwa asiyejua hesabu hii hawezi kujua ni kitu gani kilichogombaniwa.

Hesabu ya pensheni hukaa juu ya mafiga matatu. Figa la kwanza ni kigawanyo. Idadi ya miezi ambayo mtu amechangia hugawanywa kwa namba iliyowekwa na kanuni, kisha huzidishwa kwa mshahara wa mwaka. Jibu lake ni pensheni kamili ya mwaka mmoja. Kigawanyo kikikua, pensheni hupungua.

Figa la pili ni asilimia. Hiyo ni sehemu ya pensheni ambayo mstaafu huiacha ili alipwe fedha za mkupuo siku anapotoka kazini. Sehemu inayobaki ndiyo anayolipwa mwezi kwa mwezi mpaka mwisho wa maisha yake.

Figa la tatu ni kizidisho. Ile sehemu aliyoiacha huzidishwa kwa namba fulani ili upatikane mkupuo. Kizidisho kikiwa 15.5, kila shilingi moja ya mwaka aliyoiacha hununuliwa kwa shilingi 15 na senti 50. Kikiwa 12.5, hununuliwa kwa shilingi 12 na senti 50. Hii ni bei, ndugu zangu, kama ilivyo bei ya kilo moja ya kahawa.

Mwanachama wa zamani wa PSPF au LAPF alikuwa na kigawanyo cha 540, asilimia 50, na kizidisho cha 15.5. Kanuni za mwaka 2018 zilileta kigawanyo cha 580, asilimia 25, na kizidisho cha 12.5. Tazameni vizuri: mafiga yote matatu yalisogezwa kwa wakati mmoja.

Tuchukue mfano wa mtumishi aliyechangia miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara unaotumika katika hesabu yake ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi, yaani 12,000,000 kwa mwaka. Kwa hesabu ya zamani, 360 kwa 540 ni theluthi mbili, hivyo pensheni yake kamili ni shilingi 8,000,000 kwa mwaka. Nusu yake, yaani 4,000,000, huzidishwa kwa 15.5, na mkupuo wake huwa shilingi 62,000,000. Nusu iliyobaki humpa shilingi 333,333 kila mwezi.

Kwa hesabu ya mwaka 2018, mtumishi yule yule, kwa kazi ile ile, pensheni yake kamili hushuka hadi shilingi 7,448,276 kwa mwaka. Mkupuo wake huwa shilingi 23,275,862. Pensheni ya mwezi hupanda hadi shilingi 465,517. Huyo ni mtu aliyepanga, kwa miaka yote ya utumishi wake, kwamba siku ya kustaafu atapata shilingi 62,000,000 ajenge nyumba na kununua shamba. Sasa karibu na mlango wa kutokea, anaambiwa ni 23,000,000 na kidogo.

Hapo ndipo vyama vya wafanyakazi viliposimama. Chama cha Walimu, TUGHE ya watumishi wa Serikali na afya, TALGWU ya Serikali za Mitaa, na Shirikisho lao, TUCTA, walikuwa na hoja nyepesi kueleweka: mtu aliyeingia kazini chini ya masharti fulani, akakatwa mshahara wake chini ya masharti hayo, habadilishiwi bei wakati gunia limekwisha kufika kwenye mizani. Hoja hiyo ilifika mpaka Ikulu. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli alikutana na viongozi wa wafanyakazi pamoja na wakuu wa mifuko, akaagiza kwamba kanuni mpya zisimame, na kila mtumishi aendelee kulipwa kwa hesabu ya mfuko wake wa zamani mpaka mwaka 2023.

Ulikuwa ushindi mkubwa. Lakini ulikuwa ushindi wa muda, na mwenye busara alipaswa kuutumia muda huo kujiandaa. Kabla haujaisha, Serikali, wafanyakazi na waajiri walikaa mezani, wakafikia kanuni mpya iliyoanza tarehe 1 Julai 2022. Asilimia ya mkupuo ikawa 33 kwa watu wote. Kigawanyo kikawa 580, na kizidisho kikawa 12.5.

Mtumishi wetu wa mfano, akistaafu kwa kanuni hiyo, hupata mkupuo wa shilingi 30,724,138, na pensheni ya shilingi 415,862 kwa mwezi. Wako waliosema, "Tazama, pensheni ya mwezi imepanda kwa zaidi ya shilingi 82,000, analalamika nini?" Basi tufanye hesabu tena. Mkupuo wake umepungua kwa shilingi 31,275,862. Ili azirudishe fedha hizo kwa nyongeza ya kila mwezi anahitaji miezi 379, yaani zaidi ya miaka 31. Akistaafu na miaka 60, ingempasa afike miaka 91 ndipo awe amelingana na mwenzake wa hesabu ya zamani. Tunawaombea wastaafu wetu maisha marefu, lakini hesabu isijengwe juu ya dua.

Hata hivyo haki yatutaka tuseme upande wa pili. Waliokuwa wanachama wa PPF na wa NSSF walikuwa tangu hapo na kigawanyo cha 580, kizidisho cha 12.5, na mkupuo wa asilimia 25. Kwao wao asilimia 33 ilikuwa nyongeza, maana mfano wetu ungempandisha mtu wa namna hiyo kutoka shilingi 23,275,862 hadi 30,724,138. Kanuni moja ilimshusha mwalimu na ikampandisha mfanyakazi wa kiwandani, na viongozi walioketi mezani walikuwa wakiwasemea wote wawili. Nalitaja hili ili tusiwe wepesi wa kutukana. Kuongoza watu wenye haja tofauti ni kazi nzito, na kila mjumbe wa Kamati yetu aliyewahi kugawa pembejeo chache kwa vyama vingi anajua nisemalo.

Lakini kueleza ni wajibu. Makubaliano ya mwaka 2022 yalipoanza kutumika, wastaafu wengi waliyaelewa siku walipokwenda benki. Lawama zikaelekezwa Serikalini, na nyingine zikawarudia viongozi wa vyama wenyewe. Bungeni jambo hilo likasemwa mara nyingi, na katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2024 zilizofanyika Arusha kikokotoo kilikuwa kilio kikubwa cha wafanyakazi. Mwezi uliofuata, Juni 2024, katika hotuba ya bajeti, Serikali ilitangaza kwamba waliokuwa na haki ya asilimia 50 zamani watapandishwa kutoka 33 hadi 40, na waliokuwa na 25 watapandishwa kutoka 33 hadi 35.

Kwa mtumishi wetu wa mfano, asilimia 40 humpa mkupuo wa shilingi 37,241,379, na pensheni ya shilingi 372,414 kwa mwezi. Ni nafuu kwa mwenye kutaka kujenga. Vyama vya wafanyakazi vyastahili sifa kwa kutokukata tamaa katika miaka yote hiyo sita.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, nimefika kwenye jambo ambalo ndilo hasa lililonileta hapa.

Katika mabishano yale yote, barabarani, redioni na misikitini na makanisani watu walipotoka kusali, asilimia ndiyo iliyotajwa. Hamsini, ishirini na tano, thelathini na tatu, arobaini. Figa moja tu lilipigiwa kelele. Yale mawili mengine, kigawanyo na kizidisho, yalisogezwa na hayakurudishwa. Chukueni penseli mtazame. Hata kama mtumishi wetu angerudishiwa asilimia 50 yake yote, kwa kigawanyo cha 580 na kizidisho cha 12.5 mkupuo wake ungekuwa shilingi 46,551,724. Zile 62,000,000 zisingerudi. Shilingi 15,448,276 zingekuwa zimepotea, wala hakuna ambaye angeonekana amezichukua.

Mkulima anaijua hila ya namna hii bila kufundishwa shuleni. Mnunuzi wa zamani alikuja na bei nzuri ya kilo, akaitangaza kwa sauti kubwa, na watu wakashangilia. Kumbe jiwe la mizani lilikuwa na uzito usio wake, na gunia tupu lilihesabiwa kilo mbili. Bei haikuguswa, na mkulima aliibiwa. Ndiyo maana wazee wetu walipoanzisha ushirika, walidai kwanza mizani yao wenyewe na daftari lao wenyewe. Sisemi kwamba walioandika kanuni za pensheni walikuwa na nia ya wizi. Nasema kwamba haki yoyote inayolipwa kwa hesabu hulindwa kwa kuilinda hesabu yote. Anayelinda namba moja na kuziacha nyingine amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Wala tusidhani kuwa Serikali haikuwa na hoja. Mfuko ni ghala. Ukitoa kuliko unavyoingiza, siku moja anayekuja mwisho atakuta sakafu. Kigawanyo cha 540 na kizidisho cha 15.5 vilikuwa mzigo mzito kwa mfuko. Lakini tuulize, ghala lilipunguaje? Watumishi walioajiriwa kabla ya mwaka 1999 hawakuwa wamechangia kwa miaka yao ya nyuma, na PSPF ikatwishwa kuwalipa kwa miaka hiyo pia. Lilikuwa deni la Serikali kwa Mfuko, nalo lilikaa miaka mingi bila kulipwa. Mifuko ilitumiwa pia kukopesha miradi mikubwa ya umma, na majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma ni mmoja wa mifano yake. Katika mwaka wa fedha 2021/22 Serikali ilitoa hatifungani maalum zenye thamani ya zaidi ya shilingi trilioni 2 ili kupunguza deni lile la kabla ya 1999. Jambo hilo ni la kusifiwa, kwa kuwa ahadi ni deni. Hata hivyo, vyama vya wafanyakazi vina haki ya kusema kwamba mahali ambapo pengo limetokana na mwajiri kutolipa, si mstaafu anayepaswa kuliziba.

Kwa wale wanaodhani kwamba haki ya uzeeni hujilinda yenyewe, nawakumbusha habari ya wazee wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walikuwa watu wa reli, bandari, posta na ndege, wenye kazi za heshima. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa sahihi mwaka 1984. Wazee wetu wa Tanzania wakadai, wakangoja, wakaenda mahakamani, na makubaliano yakafikiwa mwaka 2005. Hiyo ni miaka 28 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya. Hata baada ya hapo wako waliosema hawajalipwa haki yao yote. Wengi walikwisha kufa, na madai yakabaki kwa wajane na watoto. Mwajiri wao alitoweka, na kila aliyeulizwa alimwonyesha mwingine kidole. Haki ilikuwako katika karatasi, lakini haikuwako mkononi.

Sasa nalijibu swali la mwanzo: yatuhusu nini sisi watu wa jembe?

Kwanza, watumishi hao ni watoto wetu. Mwalimu, muuguzi, bwana shamba na karani wa mahakama walisomeshwa kwa kahawa hii. Wakistaafu hurudi vijijini. Fedha za mkupuo hujenga nyumba kwa matofali ya fundi wetu, hununua ng'ombe kwa jirani yetu, na hulipa vibarua katika mashamba yetu. Fedha hizo zikipungua, kijiji nacho hupungukiwa.

Pili, Chama Kikuu ni mwajiri. Makarani wa mizani, madereva, walinzi na wahasibu wetu ni wanachama wa NSSF, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu anayokatwa mfanyakazi haipaswi kuzidi asilimia 10. Mchango huo unatakiwa ufikishwe kabla ya kwisha mwezi unaofuata. Mwajiri anayekata mshahara wa mlinzi na kuchelewa kuupeleka ameshika malipo ya pili ya mtu mwingine. Sisi tulioanzisha ushirika kwa kuchoshwa na wanaoshika fedha za wengine hatuwezi kuwa wa aina hiyo.

Tatu, mkulima mwenyewe huzeeka. Mgongo wa mkulima hauna tarehe ya kustaafu, lakini huchoka. NSSF ina mlango wa kuwaandikisha wanaojiajiri wenyewe, na mkulima ni mmoja wao. Wako wanaowaonea kijicho watumishi na kusema, "Wao wanalilia mkupuo, na sisi hatuna hata senti." Kijicho hakimlishi mzee. Lililo jema ni kuuliza sisi nasi tutaanzaje.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, kwa idhini ya Kamati, naweka mbele ya Mkutano huu mapendekezo manne, ili vyama vya msingi viyajadili na kuyaleta katika Mkutano Mkuu ujao.

La kwanza, kila taarifa ya fedha ya mwaka ya Chama Kikuu na ya kila chama cha msingi chenye waajiriwa iwe na mstari wake wa michango ya hifadhi ya jamii: kiasi kilichokatwa, kiasi kilichopelekwa, na tarehe ya kupelekwa. Mwanachama yeyote aweze kuuliza, na ajibiwe.

La pili, ambalo najua halitawafurahisha baadhi ya viongozi wenzangu. Makato yote yatolewayo katika kahawa ya mkulima yaandikwe kwenye ubao wa chama cha msingi kabla ya msimu kufunguliwa, kila kato kwa jina lake na kiasi chake kwa kilo. Likishaandikwa, lisiongezwe wala kubadilishwa jina na Kamati peke yake. Lirudi kwa wanachama. Nimesikia ikisemwa kwamba jambo hili litachelewesha kazi. Yawezekana. Lakini tumeona katika habari ya kikokotoo kwamba makubaliano yaliyofanywa haraka mezani, na kuelezwa polepole nje, huzaa malalamiko ya miaka. Ni heri kuchelewa wiki mbili kabla ya msimu kuliko kugombana miaka miwili baada yake.

La tatu, Kamati ya Elimu iandae somo fupi la hesabu ya malipo ya awali na ya pili, lifundishwe katika kila chama cha msingi kwa mfano na kwa penseli, mpaka mama asiyesoma zaidi ya darasa la nne aweze kulieleza. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomeka kwa mwenye mali ni sawa na kutokuwako.

La nne, Kamati imwalike ofisa wa NSSF aje aeleze masharti ya mkulima kujiwekea akiba ya uzeeni, ili kila mtu aamue mwenyewe akiwa anajua.

Na kwenu wazazi wenye watoto katika utumishi, nawapa ujumbe wa kuwapelekea. Waambieni waitunze barua ya ajira, barua ya kuthibitishwa kazini, na kila barua ya kupandishwa cheo. Waambieni waombe taarifa ya michango yao sasa, wakiwa bado kazini. Mwezi uliokosekana katika daftari la mfuko hupunguza pensheni ya maisha yote, na ni rahisi kuutafuta wakati mwajiri yupo na karani anamjua. Na waambieni wahudhurie mikutano ya vyama vyao vya wafanyakazi. Kiongozi anayejua kwamba wanachama wake wanazifahamu namba zote tatu atazisemea zote tatu.

Wazee wangu na wakulima wenzangu, sikukuu ya miaka kumi ni siku ya ngoma na pilau, nami sitaki kuwa mtu wa kuwaharibia wali. Lakini kama tungehesabu miaka hii kumi kwa maghala tu, tungekuwa tumehesabu figa moja. Yafaa pia tuhesabu ni wanachama wangapi wanaojua fedha yao inavyokokotolewa, na ni wangapi wanaweza kusimama katika mkutano kama huu na kumwambia Katibu, "Namba hii si sahihi, irudie." Siku wengi watakapoweza kufanya hivyo, kazi yangu itakuwa ngumu zaidi, na Chama chetu kitakuwa salama zaidi.

Bwana Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.